Kipima Mwendo Kikiharibika: Anza Gurudumuni, Si Mbele ya Dereva

Motokaa ya zamani ikitunzwa vema humtumikia mwenyewe miaka mingi. Ndiyo sababu hata leo twaziona Volkswagen zile zenye mgongo kama wa kobe zikipita barabarani, zingali na nguvu zao. Magari ya namna hiyo yalishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, mwaka 2003. Basi hata lililo changa kuliko yote limekwisha kupita umri wa miaka ishirini, na vyombo vyake vyahitaji kuangaliwa.

Chombo kimoja kinachopuuzwa sana ni kipima mwendo, ambacho mafundi hukiita spidomita. Mwenye gari husema, "Macho yangu yanatosha." Hayatoshi. Dereva aliyetoka mbio katika njia kuu, akiingia mjini, huona kama anatambaa, kumbe angali akienda kilometa 70 kwa saa mahali ambapo sheria ya Kenya yaruhusu 50 tu. Mtoto akivuka njia wakati huo, kosa hilo halina dawa.

Tena ndani ya chombo hicho mna hesabu ya safari. Injini ya gari hili hutumia oili kiasi cha lita mbili na nusu tu, nayo yapasa kubadilishwa kila kilometa 5,000. Hesabu ikisimama, mwenyewe hubahatisha, na injini ndiyo ilipayo deni.

JINSI KINAVYOFANYA KAZI

Mwaka 1902 Otto Schulze, fundi wa Strasbourg, alipata hataza ya kipima mwendo kinachotumia sumaku. Njia yake ndiyo iliyotumika katika magari mengi ya zamani. Waya mwembamba huzunguka ndani ya ala, nao huzungusha sumaku. Sumaku haigusi kikombe cha aluminiamu kilicho karibu nayo, lakini huzua ndani yake nguvu ya umeme inayokivuta. Kikombe hicho kimeungwa na mshale, nao hurudishwa nyuma na springi nyembamba. Gari likienda mbio, mshale hupanda. Likisimama, springi huurudisha sifuri.

Katika Volkswagen hii waya hauanzi kwenye giaboksi, bali kwenye gurudumu moja la mbele. Utalitambua kwa ncha ya mraba ya waya, ambayo hutokeza katikati ya kifuniko cha grisi na kushikwa na kipini kidogo.

DALILI NA MAANA ZAKE

Kabla ya kufungua kitu, tazama vizuri. Mshale na hesabu vikifa pamoja, shuku waya au mahali unapoanzia. Hesabu ikiendelea lakini mshale umelala, waya ni mzima, na ubovu umo ndani ya chombo. Mshale ukienda lakini hesabu imesimama, meno ya gia ndogo za ndani yamekwisha. Mshale ukitetemeka, au ukisikia mlio kama wa panya, waya umekauka, umepindwa au umeanza kukatika.

Wengi hununua chombo kipya kwa fedha nyingi, wakakifunga, na mshale usiinuke hata kidogo. Kumbe kilichoharibika ni kipini cha senti chache kule gurudumuni. Kwa hiyo fuata utaratibu huu.

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, kisha tegemeza gari kwa stendi imara. Usiiamini jeki peke yake. Angalia kwanza kama kipini kipo, na kama tundu la mraba katika kifuniko halijalika likawa duara. Likiwa duara, kifuniko huzunguka na waya husimama.

Yote yakiwa mema, ondoa waya wa betri iliyo chini ya kiti cha nyuma. Fungua boneti ya mbele, toa ubao unaoficha nyuma ya chombo, kisha fungua nati ya waya. Mwombe mwenzako azungushe gurudumu, nawe tazama ncha. Ikizunguka sawasawa, waya hauna hatia. Isipozunguka, waya umekatika.

KUBADILISHA

Unaponunua waya, taja mwaka wa gari na upande wa usukani, maana urefu hutofautiana. Ulaze mpya kando ya ule wa zamani ulinganishe. Funga uzi kwenye ncha ya juu ya waya wa zamani kabla ya kuuvuta, ili uzi ukuonyeshe njia ileile. Paka grisi kidogo, ila sehemu ya juu, kiasi cha shibiri moja, uiache kavu. Grisi ikipanda itaharibu chombo. Usiukunje waya. Mwisho geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uhakikishe haukazwi wala haugusi tairi.

Ikiwa ubovu umo ndani ya chombo, fungua skrubu mbili zinazokishika, andika kila waya wa taa ulikotoka, kisha ufunge kingine. Angalia kama kinahesabu maili au kilometa, kwa kuwa maili 30 ni kilometa 48. Atakayechanganya hayo atavunja sheria bila kujua. Tena andika katika daftari la gari hesabu ya chombo cha zamani, hesabu ya kipya na tarehe. Atakayenunua gari kwako ana haki ya kujua ukweli huo, na kumficha ni kumwibia.

KUHAKIKISHA

Tafuta njia nyofu isiyo na msongamano, yenye alama za kilometa. Nenda kwa mwendo mmoja, mshale ukiwa kwenye 60, na mwenzako ashike saa. Kilometa moja yapasa kuchukua sekunde 60. Kwenye 50 ni sekunde 72. Kwa mwendo wowote, gawa 3,600 kwa sekunde ulizopata. Tofauti ikiwa kubwa, angalia kwanza kama matairi ni ya kipimo chake, maana tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi na kukifanya chombo kizidishe.

Kazi hii haihitaji elimu kubwa, yahitaji subira na utaratibu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini dereva atajuaje kwamba anakwenda pole, ikiwa kipima mwendo chake kimekufa?