Kompyuta, Kazi, na Haki ya Mtu

Katika pwani yetu, toka Kionga mpaka Palma, mazungumzo ya kompyuta yamefika barazani hata kwa watu ambao hawajaigusa. Sababu yake ni kazi. Kijana akienda kuomba kazi katika kampuni kubwa, huulizwa jina, picha, namba ya simu, na pengine alama za vidole, na vyote hivyo huingia katika mashine. Basi kila mtu ana maoni yake. Wengine husema kwamba kompyuta haikosei. Wengine husema kwamba mtu mwema hana cha kuficha, kwa hiyo aandikwe tu. Tena wako wasemao kwamba mashine itatunyang'anya kazi zote, na haya ndiyo maneno yanayopendwa zaidi na wazee. Napenda wenzangu, hasa ninyi mnaomaliza shule mwaka huu, tuyatazame maneno hayo kwa utaratibu, maana karibu tutaandikwa sisi wenyewe, na wengine wetu tutakuwa makarani wa kuwaandika wengine.

Kwanza tufahamu kompyuta hufanya nini na habari za mtu. Daftari la karani wa zamani lilikuwa na habari nyingi pia, lakini lilikaa katika kabati moja, katika ofisi moja, na kulipekua kulichukua siku nzima. Kompyuta hunakili daftari zima kwa dakika chache bila kuchoka, na hutafuta jina moja katika majina milioni kabla hujavuta pumzi. Lakini nguvu yake iliyo kubwa kuliko hizo ni kuunganisha. Hospitali inajua ugonjwa wako, kampuni ya simu inajua unazungumza na nani, na tajiri anajua siku ulizokosa kazini. Kila mmoja ana kipande kidogo tu. Madaftari hayo yakikutanishwa, hutokea picha ya maisha yako ambayo wewe mwenyewe hukumpa mtu yeyote.

Alama za vidole nazo zataka maelezo, maana wengi hudhani mashine huziona kama sisi tuonavyo. Kwa kawaida mashine hutafuta mahali ambapo mistari ya kidole inaishia, na mahali ambapo inagawanyika kama njia panda, kisha hugeuza nafasi za mahali hapo kuwa tarakimu. Ukirudi kesho, hulinganisha tarakimu za leo na za jana. Zikikaribiana vya kutosha hukukubali, na zisipokaribiana hukukataa. Maneno “vya kutosha” yashikeni sana, maana mtu ndiye aliyeamua kiasi chake. Mvuvi anayevuta kamba za jarife kila siku, au mwashi anayeshika saruji, mistari ya vidole vyake hulika. Mashine humkataa mtu huyo akiwa mzima mbele yake, na karani asiyejua hayo humwona mdanganyifu. Tena neno la siri likiibiwa hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi.

Jambo la kumwandika mfanyakazi si geni katika nchi zetu. Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mwenye miaka 16 na zaidi kuchukua kipande chenye alama zake za vidole na habari za tajiri wake. Kilitiwa katika kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni. Harry Thuku alipinga kipande hicho pamoja na mambo mengine mwaka 1921, na alipokamatwa Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi. Huku kwetu Kionga mambo yalikuwa na sura yake. Wadachi waliitwaa Kionga mwaka 1894, Wareno wakaingia mwaka 1916, nao wakathibitishiwa katika mkataba wa Versailles wa 1919. Kwa hiyo mzee mmoja aliweza kuandikwa na dola mbili bila kuhama nyumba yake. Katika mashamba ya Tanganyika kipande kilikuwa karatasi ya siku 30 za kazi, na kila siku ilitiwa alama. Kwa Wareno palikuwa na kitabu cha mwenyeji, ambacho kilikwenda pamoja na kazi za kulazimishwa, hata amri ya wenyeji ilipofutwa mwaka 1961.

Hapo yafaa niseme neno la kuitetea mashine. Katika kipande cha siku 30, alama ilitiwa na nyapara au karani. Akikuchukia, au akitaka kuku wako, siku yako haikuandikwa, nawe ulirudia kazi. Mashine ya vidole iliyowekwa mlangoni haina shemeji wala haitaki kuku. Mfanyakazi aliyeingia saa 12 asubuhi huandikwa saa 12. Kwa hiyo wanaosema mashine zote zitupwe baharini hawakumbuki nyapara. Lakini yuko mwenye kuitawala mashine, naye aweza kufuta kama nyapara alivyofuta, na kosa lililoingizwa kwa mkono wa mtu hutunzwa na mashine kwa uaminifu uleule inaotunza ukweli.

Sasa tuje kwenye haki. Watu wengi wa kwetu hawajui kwamba Katiba ya Jamhuri ya Msumbiji ya mwaka 2004 inataja kompyuta waziwazi, katika kifungu cha 71. Ureno nayo iliweka jambo hilo katika Katiba yake ya 1976, mapema kuliko nchi nyingi. Kifungu chetu chakataza kutumia kompyuta kuandika habari za mtu anayetambulika kuhusu mawazo yake ya siasa, imani ya dini, uanachama wa chama cha siasa au cha wafanyakazi, na maisha yake ya siri. Chakataza pia kuhamisha habari za mtu toka daftari la idara moja kwenda la idara nyingine, ila sheria ikiruhusu au hakimu akiamua. Mnaona kwamba hapa ndipo ile nguvu ya kuunganisha inapofungwa kamba. Mwisho chasema kwamba kila mtu ana haki ya kuzifikia habari zilizokusanywa juu yake, na kutaka zisahihishwe. Kwa maoni yangu hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida zaidi kwa mtu maskini, na ndiyo isiyotumiwa.

Kazini pia pana sheria. Sheria ya Kazi Na. 23 ya 2007 ilimkataza tajiri kutumia kamera na vyombo vya namna hiyo kwa nia ya kupima bidii ya mfanyakazi. Ziliruhusiwa kwa ulinzi wa watu na mali, au zikiwa sehemu ya kazi yenyewe, na hapo tajiri alipaswa kumwarifu mfanyakazi kwamba zipo na ni za nini. Barua za mfanyakazi, hata zile za kompyuta, zilikuwa siri yake, ingawa tajiri aliweza kukataza mashine za kampuni zisitumiwe kwa mambo ya nyumbani. Sheria mpya Na. 13 ya 2023, iliyoanza kutumika 2024, imechukua mahali pa ile, na atakayekwenda kazini aisome hiyo mpya, asitegemee maneno ya rafiki. Jirani zetu nao hawakulala: Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

Je, sheria hizo hufanya kazi? Tutazame Kenya, maana huko mambo yamefika mahakamani. Mwaka 2019 serikali iliandikisha mamilioni ya watu kwa ajili ya Huduma Namba. Wanubi wa Kenya, ambao kwa miaka mingi wamepata taabu kupewa vitambulisho, walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kuchukua habari za DNA na za mahali hasa mtu anapokaa, ikataka kwanza sheria za ulinzi ziwekwe. Oktoba 2021 ikasema kwamba kutolewa kwa kadi hizo hakukufuata sheria, kwa kuwa hatari zake kwa watu hazikuwa zimepimwa kwanza. Kisha likaja jambo la Worldcoin, lililopiga picha za macho ya watu kwa kuwapa fedha za kompyuta. Serikali ililisimamisha Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zile zifutwe. Vijana walipanga mstari mrefu Nairobi kwa sababu ya shida, wala siwacheki.

Na wale wasemao kwamba mashine itamaliza kazi, wawatazame vijana wa Nairobi waliokuwa wakichuja picha na maneno ya Facebook kwa niaba ya kampuni ya Sama. Kumbe nyuma ya mashine palikuwa na watu wengi, wakitazama mauaji na ukatili mchana kutwa ili sisi tusiyaone. Gazeti la TIME liliandika mwaka 2022 kwamba baadhi yao walilipwa kama dola 1.50 kwa saa. Walidai kwamba kazi hiyo iliumiza akili zao, wakaishitaki pamoja na kampuni ya Meta yenye Facebook. Meta ilisema kwamba mahakama za Kenya haziwezi kuihukumu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba zaweza.

Limebaki lile neno la mtu asiye na cha kuficha. Sisi wa Palma tusiseme hivyo. Tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, na tena Machi 2021 Palma ilipoingiliwa, maelfu walikimbia wakiacha kila kitu, hata vyeti. Walipofika walikokimbilia waliandikwa ili wapate chakula. Orodha ile ilikuwa uhai, na ambaye jina lake halikuwamo alilala na njaa. Lakini orodha hiyohiyo, yenye jina, kijiji na jamaa, ikianguka mikononi mwa adui ni jambo jingine kabisa. Mtu mwema ana cha kuficha, nacho ni mahali watoto wake wanapolala.

Mwisho niseme juu ya majina, kwa kuwa hapa ndipo watu wa mpakani tunapoumia zaidi. Mtu mmoja huandikwa Bacar kwetu na Bakari ng'ambo ya Ruvuma. Cassimo ni Kassimu, Amade ni Hamadi, Saíde ni Saidi. Hata mji wetu huandikwa Quionga na Kionga. Mwalimu akisoma hucheka na kuelewa. Mashine isipofundishwa huona watu wawili, na mshahara wa mmoja haumfikii mwingine. Waliopoteza vyeti vitani walisaidiwa na UNHCR pamoja na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji kupata vingine, na kila aliyepewa cheti kipya yafaa akilinganishe herufi kwa herufi na kile cha shule au cha ubatizo, kama anacho.

Ukiona kosa, usigombane na karani dirishani. Andika barua fupi. Taja jina kama lilivyo katika hati ya kuzaliwa, kisha kama mashine ilivyoliandika, na tarehe uliyoandikishwa. Taja kifungu cha 71. Ambatisha nakala ya hati, wala usitoe ile yenyewe. Peleka barua mbili zilizo sawa, na karani atie tarehe na sahihi katika moja, ubaki nayo. Nanyi wa mwaka wa mwisho, orodha ya majina ya mtihani hubandikwa kabla ya kupelekwa. Nendeni mkaisome, kila mtu na jina lake, maana lile litakalochapwa pale ndilo tajiri atakaloingiza katika mashine yake.