Dizeli ni Jina la Mtu

Hapa Tunduma malori ya kwenda Zambia hupita mchana na usiku, nayo hutumia dizeli. Neno hilo ni jina la mtu: Rudolf Diesel, Mjerumani (1858–1913), aliyebuni injini ya dizeli. Hata Waingereza walilikopa. Vivyo hivyo volti imetokana na Alessandro Volta, Mwitalia, na wati na James Watt, Mskoti.

Kila lugha hutamka jina la mgeni kwa desturi yake. Yakobo wa Agano Jipya, kwa Kigiriki ni Iakobos. Waingereza humwita James. Je, ni nani aliyekaribia zaidi?

Basi tusimcheke msomaji wa somo kanisani atamkapo neno geni kwa ulimi wa nyumbani. Yatosha asikike na aeleweke.