Somo: Namna ya Kupima Mafunzo Uliyoyalipia
Mwajiri anayelipia mafunzo ya wafanyakazi wake ni mlaji kama mlaji mwingine yeyote, naye anastahili kupata thamani ya fedha yake. Hata hivyo, wengi huridhika na cheti. Cheti huonyesha kuwa mtu alihudhuria. Hakionyeshi kuwa kazi imebadilika.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza hatua nne za kupima mafunzo. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa dagaa wa Rusimbi, Kigoma, anayetaka watu wake wajifunze kuanika kwenye vichanja badala ya mchangani.

Kwanza, maoni: washiriki waliyaonaje mafunzo?

Pili, maarifa: wanajua nini ambacho hawakukijua awali?

Tatu, utendaji: baada ya mwezi mmoja, je, wanaanika walivyofundishwa?

Nne, matokeo: je, dagaa wenye mchanga na walioharibika wamepungua?

Hatua ya nne haipimiki pasipo hesabu ya awali. Kwa hiyo, kabla ya mafunzo, pima kilo zinazotupwa katika kila gunia, kisha upime tena majira yanayofanana. Dagaa wa masika hawalinganishwi na wa kiangazi.

Aidha, mkufunzi asilaumiwe kwa lisilo lake. Aliyefundishwa vichanja, akirudi kazini asivikute, ataanika mchangani.

Tunashauri mkataba utaje matokeo yanayotarajiwa na siku ya mkufunzi kurudi kukagua. Anayekataa kazi yake ipimwe, usimlipe.