Mdogo Wangu, Baiskeli Hiyo ni ya Mlima Gani?

Mwezi huu mmeniletea mapenzi na madeni kama kawaida yenu, lakini vijana wa Ruiru na Thika mmekuja na jipya: mnataka kuunda baiskeli ya milimani kipande kwa kipande, iwe ya kwako peke yako. Mmoja amenitumia hadi picha ya fremu anayoitamani. Ni nzuri, sikatai. Nikamuuliza ataiendesha wapi. Akajibu, "Popote, dada." Hapo ndipo nilipovuta kiti.

Popote si njia, mpenzi. Wengi wenu mnatoka Ruiru alfajiri ya Jumamosi, mnapita mashamba ya kahawa kuelekea Gatundu, mnarudi jua likianza kuchoma. Upande huo ni murram nyekundu, na mito inayoteremka kutoka Aberdare imechimba mabonde kiasi kwamba kila ukishuka, ujue kuna kupanda kunakungoja. Wengine mnaelekea Juja Farm na Kilimambogo, tambarare, udongo mweusi. Mvua ikinyesha huko, ule udongo hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, nawe unabaki kando ya njia unaukwangua kwa kijiti huku watoto wa shule wakikucheka. Fremu yenye nafasi pana pale kwenye tairi ingekuokoa. Lakini nani kati yenu ameniuliza habari ya nafasi hiyo? Mmeniuliza rangi.

Baiskeli mnazoziona kwenye simu, zenye springi ndefu mbele na nyuma na uma uliolala kama unakimbia, zimetengenezwa kwa watu wanaoshuka miamba, na wengi wao hupandishwa juu kwa gari au lifti. Wewe unapanda kwa miguu yako. Springi ya nyuma inaongeza uzito, na zile beringi zake za maungio huingia vumbi letu zikaanza kulia kama mlango wa zamani. Mimi dada yako nakwambia wazi: kwa njia za huku, springi ya mbele peke yake, ya sentimita 10 au 12, inakutosha. Pesa inayobaki itie kwenye gia. Ya mbele iwe na meno 30 au 32, ya nyuma iliyo kubwa kabisa ifike 42 au zaidi. Vile vilima vya Gatundu utavipanda umekaa na utakuwa bado unaongea na wenzako.

Halafu mwili wako. Hili mnaliona aibu, na ndilo linalowaumiza. Fremu za mitumba zinazofika kwetu mara nyingi zilikatwa kwa watu warefu, nawe unainunua kwa kuwa bei imekuvutia. Inakukaa kama ile sare ya kidato cha kwanza iliyonunuliwa kubwa ili ukue ndani yake, ila wewe umeshamaliza kukua. Matokeo yake ni mgongo, ganzi ya viganja, na woga kila unaposhuka kwa sababu huwezi kuteremsha mguu chini upesi. Simama ukiwa umeipanua miguu juu ya fremu. Kama bomba la juu linakugusa, iache hapo hapo. Ukikaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Nanyi wasichana wembamba, springi ya mbele iliyojazwa upepo kwa mtu wa kilo 90 haitawabonyea hata kidogo. Mwambieni fundi aipunguze, na msikubali kuambiwa mnadeka.

Watakuja wajuaji wakuambie mchagua jembe si mkulima. Waache. Unayechagua ni wewe utakayeteremka nayo.

Ila kwenye kuchagua usisahau fundi. Breki za diski zinazovutwa kwa waya, fundi wa kando ya stendi ya Thika atakurekebishia ukinywa chai. Za mafuta ni tamu zaidi mkononi, lakini zikivuja huenda ukazipeleka hadi Nairobi. Miiba nayo haina adabu. Tairi lisilo na tyubu, lenye dawa ya kuziba ndani, hupitia miiba midogo bila wewe kujua, mradi ukumbuke dawa hiyo hukauka baada ya miezi michache. Na fremu kuukuu ya alumini ipige jicho pale bomba la mbele linapokutana na lile la chini, na pale pedali zinapozungukia. Ukiona unywele wa ufa, weka pesa mfukoni uondoke. Alumini si chuma cha kumpelekea mchomeleaji wa geti.

Nawajua lakini. Mtakopa chama. Baiskeli itafika, mtapiga picha mbili, na baada ya mwezi itaegemea ukuta nyuma ya nyumba, mama akianikia nguo. Deni litabaki linatembea.

Hata wale walioanzisha mchezo huu wa baiskeli za milimani hawakuanzia dukani. Huko Marin, California, miaka ya 1970, walikuwa wakishuka mlima kwa baiskeli kuukuu za enzi za kina baba zao. Breki ya nyuma ilichemka mpaka grisi ikageuka moshi, wakilazimika kuipaka upya kila waliposhuka. Joe Breeze, mmoja wao, alipounda fremu zake mwaka 1977, alikuwa anajua hasa kilichomchosha. Na hapa kwetu Kikuyu, kocha David Kinjah na timu yake ya Safari Simbaz wamelea vijana kwa baiskeli zilizoungwaungwa. Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne, alipita mikononi mwa Kinjah.

Basi usiache mbachao kwa msala upitao. Hiyo uliyo nayo, hata kama ni Black Mamba ya babu, iendeshe mwezi mzima kwenye njia yako ile ile. Ukirudi, kabla hujaoga, andika: wapi ulishuka ukasukuma, wapi mikono iliuma, wapi breki ilikutisha. Karatasi hiyo ndiyo umpelekee fundi. Picha ya kwenye simu mwachie mwenyewe.