Mgeni wetu kutoka Japani hasemi anachotaka

Swali: Tunaishi Vancouver na tumempokea msichana wa sekondari kutoka Osaka. Kila tukimuuliza anataka nini, hujibu "chochote tu", kisha hujifungia chumbani. Tumemkosea?

Jibu: Hapana. Kwao, mgeni kusitasita ni adabu. Muulize "wali au mkate?" apate cha kuchagua. Mpe na kazi, hata kuandaa meza. Shuleni Japani wanafunzi wenyewe husafisha madarasa, hivyo atajiona wa nyumbani. Bafuni mwelekeze waziwazi: amezoea kujisugua nje ya beseni, ndipo aingie kwenye maji ya moto yanayotumiwa na familia nzima kwa zamu. Kujifungia jioni msikuhofie, Kiingereza cha kutwa nzima kinachosha mno. Akianza kususa chakula, hapo mwiteni mapema mratibu wa mpango uliomleta kwenu.