Somo la Kikundi: Simu ya Mkononi na Daftari la Fedha katika Miradi ya Akina Mama

Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, simu ya mkononi imekuwa sanduku la fedha la miradi mingi midogo inayoongozwa na akina mama. Washonaji, mama lishe na watengenezaji wa sabuni hupokea malipo bila kushika noti, na kila malipo huacha ujumbe wenye tarehe, saa na kiasi.

Hata hivyo, chombo kipya huleta hatari mpya. Mara nyingi simu hukabidhiwa mfanyakazi mmoja aijuaye, na laini husajiliwa kwa jina lake. Akiugua, kazi husimama. Akiondoka, fedha huondoka naye. Ujuzi uliofungiwa kwa mtu mmoja si mali ya ushirika.

Mfano uchukuliwe wa kikundi cha ushonaji. Asubuhi salio la simu ni shilingi 40,000. Kutwa nzima wateja wamelipa shilingi 85,000. Vitambaa vimenunuliwa kwa shilingi 30,000, na makato ni shilingi 1,000. Salio la jioni lapaswa kuwa shilingi 94,000. Simu ikionyesha 89,000, pengo la shilingi 5,000 litafutwe siku ile ile kwa kulinganisha ujumbe na daftari. Mkaguzi asiwe yule aliyeishika simu, kwani hakuna ajikaguaye mwenyewe. Ndiyo sababu wanachama wote hawana budi kufunzwa.

Mafunzo na yafuate utaratibu huu:

1. Laini ya biashara isajiliwe kwa jina la kikundi.

2. Wanachama wapokezane zamu ya kushika simu. Kila zamu ibadilikapo, namba ya siri ibadilishwe, wala isiandikwe daftarini.

3. Asiyejua kusoma asiachwe nyuma: aanze na tarakimu, kisha ajifunze kulinganisha salio.

4. Saa za mafunzo zihesabiwe kuwa saa za kazi, ili mama mwenye watoto asilazimike kujifunza usiku.

Simu hurahisisha hesabu, lakini haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Uaminifu hulindwa na macho mengi yanayoelewa kinachoandikwa.

Maswali ya kujadiliwa

(a) Laini ya kikundi chenu imesajiliwa kwa jina la nani?

(b) Mshika simu asipofika kesho, nani atapokea malipo?

(c) Salio lililinganishwa na daftari lini mara ya mwisho, na nani alishuhudia?