Nyama ya Nguruwe: Yafaa au Yadhuru?

Juzi karibu na Grande Barrière, Gisenyi, rafiki yangu alinunua mshikaki wa nguruwe ungali mwekundu ndani. Nilimkataza kuula. Nyama hii hujenga mwili, lakini huweza kuwa na vifuko vyeupe kama punje za mchele: ndani yake mna mtoto wa tegu. Ukiila mbichi, tegu hukua tumboni, na mayai yake hutoka pamoja na choo. Mtu akiyameza kwa mikono michafu, huweza kupatwa na kifafa, hata yule ambaye dini yake yamkataza nguruwe. Basi, tuipike mpaka iive kabisa, tutumie vyoo, tunawe mikono. Rafiki yangu aliurudisha mshikaki motoni.